Barua ya wazi kwa wanaotoa vibali: kiacheni kikaragosi kiseme

Kwa Waheshimiwa mawaziri mnaosimamia sanaa, utamaduni na elimu. Wakuu wa bodi inayokagua filamu na michezo ya kuigiza. Magavana wa kaunti zote 47. Na makamanda wa polisi, ambao mwishowe ndio mnaopewa amri ya kututawanya.

Waheshimiwa,

Mimi ni mtengenezaji na mchezeshaji wa vikaragosi hapa Mombasa. Kazi yangu ni ya sponji ya godoro, magazeti ya zamani, gundi ya unga wa ngano, vijiti, nyaya na vitambaa wanavyobakisha mafundi cherehani. Jukwaa letu ni leso zilizofungwa kwenye nguzo za mianzi. Mmoja wetu akiinua mkono nyuma ya leso, mtu mdogo asiye na nyama wala damu huanza kuzungumza na soko zima, na soko zima humjibu.

Kuna jambo limetuchosha, nalo ndilo lililonikalisha kuandika. Kikaragosi kikiwaambia akina mama wapeleke watoto kuchanjwa, mnakipa hema, kipaza sauti na gari la kaunti. Kikaragosi hicho hicho kikiuliza dawa za zahanati zimekwenda wapi, mnakiita mchochezi. Ombi langu ni kwamba ruhusa mnayoitoa kwa neno la kwanza muitoe pia kwa la pili. Mengine yote nitakayoyasema humu yanatoka hapo.

Baadhi yenu mlikuwa vijana katikati ya miaka ya 1990, ulipoanzishwa nchini mpango wa wachezeshaji vikaragosi uliojulikana kama CHAPS. Vijana walifunzwa kutengeneza vichwa, kutoa sauti, kutunga visa, kisha wakatumwa masokoni, shuleni na vijijini kuzungumzia ukimwi, uzazi wa mpango, dawa za kulevya na ukeketaji. Kumbukeni hali ilivyokuwa. Ugonjwa ulikuwa ukiua majirani na kwenye matanga watu walisema marehemu alikuwa na malaria, au amerogwa. Rais Moi alitangaza ukimwi kuwa janga la taifa mnamo Novemba 1999. Vikaragosi vilikuwa vimeshaanza kuusema hadharani miaka kadhaa kabla ya tangazo hilo.

Viliwezaje? Mzee ambaye hawezi kutamka neno kondomu mbele ya mkwewe anaweza kumcheka mwanasesere anayelitamka, na mkwewe akacheka pia, na hakuna aliyemvunjia mwenzake heshima. Mchezo ukiisha, watu hubaki kuuliza maswali. Wanamwelekezea kikaragosi chenyewe, wala si kijana aliye nyuma ya pazia, ingawa wanajua fika kwamba yupo. Nimeyaona haya mara nyingi na bado yananishangaza: mama anayemnong'oneza kikaragosi jambo ambalo hajamwambia muuguzi.

Serikali na wafadhili waliipenda nguvu hiyo. Walichokuwa hawapendi kukikumbuka ni ilikotoka. Aliyekuja kuwafunza vijana wetu, Gary Friedman wa Afrika Kusini, mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa katika barabara za Cape Town na vikaragosi vyake akiwakejeli watawala wa ubaguzi wa rangi. Kutoka huko akaingia katika elimu ya ukimwi, na kutoka Afrika Kusini mafunzo hayo yakafika kwetu. Kwa hiyo hata vile vikaragosi vya kondomu mlivyovipigia makofi vilifunzwa na mkono uliozoea kuwasema wakubwa. Hamwezi kuuchukua ujasiri wa sanaa hii kwa ajili ya chanjo na kuukataa kwa ajili ya rushwa.

Sasa niseme lililotupata. Tulikuwa na mchezo kuhusu basari, zile pesa za karo za watoto wa maskini. Kisa chenyewe ni chepesi: bibi anazunguka ofisi hadi ofisi na barua ya mjukuu wake, na kila ofisi inamrudisha ilikomtoa. Hakuna jina la mtu ndani yake, hakuna chama, hakuna kabila. Tulikuwa tumefunga leso zetu kando ya soko, watoto wamekwishaketi chini, wakaja maofisa wawili wakadai kibali. Tukaonyesha barua tuliyokuwa tumegongewa mhuri. Wakasema hiyo ni ya kutumia uwanja, bado kibali cha maneno. Tulete mswada wote ulioandikwa, usomwe, tuitwe. Tulipeleka mswada. Hatukuitwa.

Waheshimiwa, mtu anayedai mswada wa mchezo wa vikaragosi hajawahi kukaa chini akautazama. Mswada wetu ni mifupa tu. Nyama inatoka kwa watazamaji. Muuza viazi akidakia neno, kikaragosi lazima kimjibu papo hapo, kwa lafudhi yake, kuhusu bei ya gunia ya asubuhi hiyo. Kikisoma maneno yaliyopigwa mhuri wiki tatu nyuma kitakuwa kimekufa, na hata mtoto wa miaka mitano atainuka aende zake.

Mbinu hiyo ya kudai maandishi ni kongwe. Mjini Lyon, Ufaransa, mfumaji hariri aliyeitwa Laurent Mourguet alipoteza kazi baada ya Mapinduzi ya Ufaransa, akawa mng'oa meno sokoni, akitumia vikaragosi kuwavuta wateja. Mnamo mwaka wa 1808 hivi akamuumba Guignol, mtu wa kawaida anayezungumza kama wafumaji wa mji huo, anayemdhihaki mwenye nyumba na kumcharaza polisi kwa kirungu. Maneno yake hayakuwa yameandikwa popote. Guignol alikuwa akisema habari za siku hiyo. Ndipo mwaka wa 1852, chini ya Napoleon III, wakuu wakaamuru michezo iandikwe na kuwasilishwa ikaguliwe kwanza. Walijua walichokuwa wakikifanya. Ukitaka kuufunga mdomo wa sanaa isiyoandikwa, iamuru iandikwe.

Guignol hakufa. Karne moja na zaidi baadaye jina lake lilikuwa kwenye kipindi cha televisheni cha Ufaransa kilichowaweka marais na mawaziri katika sura za vikaragosi kila jioni. Na kipindi hicho ndicho kilichomwasha Gado, Godfrey Mwampembwa, mchoraji katuni mzaliwa wa Dar es Salaam ambaye Wakenya wamesoma michoro yake gazetini kwa miaka mingi. Mwaka wa 2009 yeye na wenzake wakaanzisha XYZ, kipindi cha vikaragosi cha kuwakejeli wanasiasa, kwenye runinga ya Citizen. Nyuso zilichongwa kwa udongo, zikatengenezewa kalibu, zikamiminwa kwa mpira laini. Kibaki alikuwamo, Raila alikuwamo, baadaye hata mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule Hague akaingia.

Tafakarini mwaka huo. Zaidi ya watu elfu moja walikuwa wameuawa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Nchi ilikuwa na serikali ya mseto iliyojaa watu wasioaminiana, na kila jamii ilikuwa na mkubwa wake asiyeguswa. Kisha, sebuleni mwa watu, wakubwa wote wakakalishwa kwenye meza moja wakiwa na pua ndefu na masikio makubwa, wakachekwa wote. Mtu wa Nyanza alimcheka wake na mtu wa Nyeri alimcheka wake. Sijui hotuba ya maridhiano iliyofanya kazi hiyo vizuri zaidi. Naamini kwa dhati kwamba kipindi kile kilitusaidia kupumua, na sijawahi kusikia kiongozi yeyote akikishukuru.

Hata hivyo, kipindi kile kiliishi kwa sehemu kubwa kwa msaada wa wafadhili wa nje. Hilo ni doa letu sote. Taifa lenye bajeti ya kununua mahema ya sherehe kila mwaka halikuona haja ya kutenga shilingi kwa kioo chake lenyewe.

Wapo wanaosema sanaa hii si ya kwetu, ni ya Wazungu, na kwa hiyo haistahili kulindwa kama utamaduni. Wanaosema hivyo hawajafika Benue. Huko Nigeria, jamii ya Wativ wana Kwagh-hir, mchezo wao wa vikaragosi. Usiku, kikundi baada ya kikundi huingia uwanjani na majukwaa madogo yanayobebwa na watu. Wachezeshaji wamejificha chini ya kitambaa. Juu yake vinyago vya mbao vinatwanga, vinashona, vinaendesha pikipiki, vinakamata wezi. Msimulizi hutangulia kueleza kinachokuja, ngoma na nyimbo zinafuata, na vikundi vinashindana mbele ya waamuzi. Mzizi wake ni hadithi za jioni. Lakini ilivyokua kuwa tamasha kubwa la kijamii ni matunda ya miaka ya 1960, baada ya Wativ kuinuka dhidi ya watawala wa eneo lao mwaka wa 1960 na tena 1964, na kukandamizwa. Watu waliozuiwa kusema kwa midomo yao waliyatia maneno katika mbao. Mwaka wa 2019 UNESCO iliiandikisha Kwagh-hir katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Leo Nigeria inajivunia mbele ya dunia kitu kilichopata nguvu zake katika malalamiko.

Na sisi wa pwani tusijifanye wageni wa kejeli. Mababu zetu wa Mombasa na Lamu walikuwa na ngoma ya beni. Walivaa sare, wakapeana vyeo vya kijeshi, wakaandamana barabarani kwa gwaride na matarumbeta, kikundi hiki kikishindana na kile, na mkoloni akasimama kando akitazama vyeo vyake mwenyewe vikichezwa na wachukuzi na mabaharia, asijue anaheshimiwa au anachekwa. Leso nazo zimekuwa zikisema mambo ambayo mvaaji hayasemi. Sanaa ya kusema kwa kupitia kitu kingine tumeirithi. Kikaragosi kimekuja kukaa katika nyumba iliyokuwa tayari na kiti chake.

Mnachokiogopa nakijua, maana nimeelezwa usoni: kwamba watu wakicheka sana watazoea, wakizoea watadharau, wakidharau wataandamana. Nawajibu hivi. Watu walioandamana Juni 2024 hawakutumwa na kikaragosi. Walitumwa na mswada wa fedha na maisha yao wenyewe. Sanaa ilifuata, ikaandika mabango, ikachora. Na baadaye tuliona mchoraji katuni Kibet Bull, aliyejulikana kwa michoro yake ya vivuli, akitoweka Desemba mwaka huo na kuonekana tena Januari 2025. Ikiwa mtu anaweza kuchukuliwa kwa kuchora kivuli, sisi wenye vikaragosi, ambao tunasimama sokoni mchana kweupe, tujihesabu wapi?

Historia yenu na jukwaa inatisha, na siandiki hivi kwa kufurahi. Novemba 1977 leseni ya mchezo wa wakulima na wafanyakazi wa kijiji cha Kamĩrĩĩthũ ilifutwa. Mwezi uliofuata Ngũgĩ wa Thiong'o, mmoja wa walioutunga, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa. Mwaka wa 1982 ukumbi ambao wanakijiji walikuwa wameujenga kwa mikono yao ukabomolewa. Sheria ya filamu na michezo ya kuigiza, Sura ya 222, ilitungwa kabla hatujapata uhuru, na kwa miongo mingi ndiyo iliyompa ofisa wa utawala uwezo wa kuamua wananchi waigize nini. Mkoloni aliiacha mezani, nanyi mkaikuta, mkaitumia.

Mngetaraji hayo yawe yameisha. Lakini Aprili 2025, wasichana wa shule ya Butere walipofika Nakuru kwa tamasha la kitaifa la michezo ya kuigiza, ilikuwa imebidi Mahakama Kuu iamuru waruhusiwe kuigiza. Mwandishi wa mchezo wao alikamatwa. Wasichana waliimba wimbo wa taifa, wakakataa kuendelea, na polisi wakatumia vitoa machozi. Hao walikuwa wanafunzi wenye sare, Waheshimiwa. Mimi ni mzazi. Nilizitazama picha zile nikakosa la kumwambia binti yangu, ambaye naye anapenda jukwaa.

Katiba tuliyoipitisha mwaka wa 2010 haina utata. Kifungu cha 11 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa na kinaitaka serikali ikuze maonyesho ya utamaduni kupitia sanaa. Kifungu cha 33 kinataja uhuru wa ubunifu wa kisanaa kwa jina. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika kwa amani bila silaha. Na mipaka imewekwa humo humo: uchochezi wa fujo, propaganda ya vita na matamshi ya chuki havilindwi. Mipaka hiyo inatutosha. Kikaragosi kikihimiza watu kuchoma nyumba ya jirani, nishtakini mimi, jina langu na anwani yangu mnavyo. Lakini kuuliza basari imekwenda wapi hakumo katika orodha hiyo, na hakuna ofisa mwenye mamlaka ya kuliingiza swali hilo humo.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na ninayaomba kwa niaba ya vikundi vingi ambavyo havina nauli ya kuja Nairobi kugonga milango.

Magavana, fungueni kumbi za kijamii na viwanja vya masoko kwa michezo ya vikaragosi. Tutawaarifu kwa barua siku tunayokuja, ili pasitokee msongamano na ili njia ya magari ya wagonjwa ibaki wazi. Tusitozwe ada ya tamasha la kibiashara. Kikundi chetu hupitisha kofia, na kofia ikirudi na nauli tunamshukuru Mungu.

Bodi ya ukaguzi, acheni kabisa kudai maandishi ya mchezo wa moja kwa moja. Na Sura ya 222 ikifunguliwa bungeni, muwe wa kwanza kusema kwamba mchezo unaochezwa mbele ya watu usihitaji kibali cha maudhui.

Wizara ya Elimu, mtaala wa umilisi unawataka watoto watengeneze vikaragosi katika masomo ya sanaa. Jambo jema sana, nami nimealikwa shule kadhaa kuwasaidia walimu. Ninachokiona ni hiki: mtoto anakata sponji, anabandika macho, anapewa alama, kikaragosi kinawekwa kabatini. Hakijasema neno. Nendeni hatua moja mbele. Mwacheni mtoto akiulize kikaragosi chake kinataka kusema nini kuhusu shule, kuhusu choo cha shule, kuhusu njaa ya saa nne. Walimu wataogopa mwanzoni, kwa sababu nyinyi mmewafunza kuogopa; waandikieni waraka unaowalinda.

Wale mnaogawa pesa za miradi ya uhamasishaji, endeleeni kutuita kwa ajili ya kipindupindu na usajili wa kura. Tutakuja kwa moyo mmoja. Ila mkataba usiwe na kile kifungu cha kutukataza kuzungumzia utawala kwa muda wa mradi. Mama anayefunzwa kunawa mikono ana haki ya kuuliza maji yako wapi, na kikaragosi kikikaa kimya mbele ya swali hilo hakitaaminiwa tena hata kikizungumzia chanjo.

Kuna jambo dogo ambalo linaniuma zaidi ya yote, kwa sababu halihitaji sheria mpya. Mpira laini unaoza. Sponji inabadilika rangi, inakatika, inakuwa vumbi. Vikaragosi vya CHAPS vya miaka ya 1990, vile vilivyotangulia kuzungumza juu ya ukimwi katika masoko yetu, vinaozea katika magunia na stoo za watu binafsi. Nyuso za XYZ nazo zina umri. Ziingizeni katika makumbusho ya taifa kabla hazijaisha, pamoja na sauti na kumbukumbu za waliovichezesha, kwa kuwa nao wanazeeka na wengine wametangulia. Mjukuu wangu akitaka kujua Kenya ilicheka vipi baada ya kuuana, awe na mahali pa kwenda kutazama.

Mwisho, makamanda. Mkitumwa kuja kutuondoa, ulizeni kwanza kosa ni lipi na liko katika sheria ipi, kama vile sisi tunavyoulizwa kibali. Watoto wako mstari wa mbele siku zote katika mchezo wetu. Gesi itawafikia wao kwanza.

Naomba kila ofisi iliyotajwa hapa itoe jibu lake kwa maandishi, na litangazwe hadharani kama barua hii. Mchezo wa basari bado tunao. Tunaurudia mazoezi kila Jumamosi, na tutafunga leso zetu tena pale pale kando ya soko mara tu barua yetu ya kuwaarifu itakapopokelewa. Njooni mketi mbele pamoja na watoto. Yule bibi atawauliza maswali. Mjibuni wenyewe, msimtume msaidizi.

Wenu katika kazi,

Fundi wa vikaragosi,
Kisauni, Mombasa.